Sauti ya Gari Yako Huku Naviundu

Yaya Ramazani, kaka yangu mukubwa,

Huku Lubumbashi jua ya mangaribi iko nyekundu kama mukuba, shaba ya huku, inayeyuka, na mimi bado naota harusi ya binti yako na gari yako ya Amerika iko mbele. Karburateri ya kuiamusha, ile yake ilikufa, nilitafuta kila garage, bure.

Leo fundi mumoja wa mutaa ya Naviundu aliniambia: «Piesi ya gari ya zamani tunaitafutaka kwa sikio. Nguruma kama yeye, nisikie.» Nikanguruma, yaya, bila haya, kama vile inapandaka mulima ya kwetu.

Mama mumoja akatoka nyumba ya jirani, mikono nyeupe kwa unga ya bukari, ugali yetu. «Ile sauti iko ya gari ya marehemu bwana yangu.»

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Tumbo moja na gari yako! Maboga imepanda ndani, maua yake iko kwenye volant, ile usukani. Fundi akafungua karburateri, mama akaniwekea mukononi. Nikauliza nimupatie nini.

Mama akaingia ndani ya gari, akakaa katikati ya majani, akafunga macho. «Nguruma tena. Pole pole, kama vile anafikaka nyumbani.»

Salimia batoto. Mudogo wako anakupenda, sauti imemukauka.

Saidi