Ushuru wa Langoni

Jumatatu, 4 Oktoba 1999
Nimerudi kazini. Wiki moja tangu tumzike mama. Kaburu, mwenye ofisi hii ya intaneti, amenipa pole kisha akaniwashia kompyuta yeye mwenyewe — hajawahi! Barua pepe ya kwanza ni ya Mwenda, ndugu yangu mdogo aliye Marekani. Nauli ilimshinda, hakuja mazishini. Anauliza kama mama aliumia sana. Sijamjibu.

Jumatano, 6 Oktoba
Kutwa habari ni kodi. Ati serikali inafikiria kutoza kila anayeingia kwenye intaneti, na tena kila anayeuza vitu humo. Kaburu huuzia Wazungu vyondo, vikapu vya kusukwa vya akina mama wa Mbeere, kwa kompyuta hii hii. Amewaka. Anasema wataiua biashara ikiwa bado changa. Mimi nilikasirika. Mama aliuza ndizi soko la Gakoromone miaka ishirini na sita. Jua, mvua — askari wa kanju, wa baraza la mji, huyo langoni, lipa. Sasa anayeuza akiwa amekalia kiti asamehewe, kwa nini?

Ijumaa, 8 Oktoba
Cicily, aliyeuza karibu na mama sokoni, ameniletea leso ya mama. Anasema siku ile mama alipoanguka sokoni, asiamke tena, alikuwa hajauza hata ndizi moja. Ushuru alikuwa ameshalipa langoni. Risiti bado imefungwa kwenye pindo la leso, imekunjwa ndogo vile alivyozoea. Kaburini sikulia. Leo nimelia mpaka Cicily akafunga mlango.

Jumatatu, 11 Oktoba
Nimefikiria sana. Aliyeuza atozwe, sawa. Lakini anayeingia tu! Mama Gitari, mteja wetu, huja kila Ijumaa kumwandikia mwanawe aliye ng'ambo. Yeye anauza nini? Hilo ni lango la Gakoromone tena, unalipa kabla hujajua kama utauza. Nimemwambia Kaburu hivyo, akafurahia nusu. Maafisa wa serikali kutoka Nairobi wanakuja Alhamisi kusikiliza wananchi kuhusu kodi hiyo, na anataka niseme mimi.
"Nelius, wewe uko na uchungu mpya. Ukisema mambo ya mama yako watasikia. Hiyo ya kuuza, achana nayo."
Uchungu mpya! Kama nguo ya Krismasi.

Alhamisi, 14 Oktoba
Ukumbini. Watu wanakunywa chai, mimi naandika. Kaburu ameniletea karatasi nisome: mama yangu aliuawa na ushuru, kwa hivyo kodi zote zifutwe. Nimemwambia siwezi. Nitasema ya kuingia iondolewe, ya kuuza ibaki, ilipwe mtu akishauza. Aliichukua karatasi yake.
"Basi Jumatatu usikuje."
Alisema kwa upole, na upole huo ndio umeniuma. Bila kazi hii sina kompyuta. Barua ya posta ni wiki tatu, na Mwenda bado anangoja, siku ya kumi sasa. Nitamwandikia nini lakini? Kwamba hakuumia sana. Kwamba alikuwa amelipa.
Mama hangebishana. Angelipa, aifunge risiti kwenye leso, apange ndizi zake.
Wanarudi vitini. Risiti iko hapa, katikati ya daftari hili. Afisa ameita jina langu, Kaburu ananisukumia ile karatasi chini ya meza, na mimi nainuka na risiti ya mama.