Tano Niliyoihesabu

Alhamisi jioni

Nimesoma kanuni mpya ya mchezo wetu wa vita vya mezani mara nne. Zamani ukirusha dadu tena, ulichagua matokeo mazuri kati ya mawili. Sasa yanahesabiwa ya pili tu, hata yakiwa mabaya zaidi.

Jumapili nilipata tano, nikataka sita, nikarusha tena, ikaja moja. Nikahesabu tano. Kwa tano hiyo askari wangu wa plastiki waliteka daraja, Masanja akashindwa, na mimi nikachaguliwa kwenda mashindano ya Morogoro keshokutwa.

Sikujua, kwa kweli.

Nimempigia Masanja simu. Yeye ni bwana mifugo kule Idete, na mchezo huu nilimfundisha mimi.

"Masanja, Jumapili ulishinda wewe. Nilikosea kanuni."

Akajibu, "Dada Sekunda, mbona nilijua? Niliisoma kabla hatujacheza. Niliona aibu kukusahihisha mbele za watu."

Nikamwambia aende yeye. Amekubali, na kifua kimepungua uzito.

Ila sasa nawaza mechi zote nilizowahi kumshinda.