Hajiya Delu na choo kipya

Shoga, acha kupika unisome.

Unamkumbuka Hajiya Delu, mama mkwe wa Rakia? Aliyeapa hajifungii chooni kama kuku, heri aende zake kwenye shamba la uwele, hata baada ya nyoka kumkosakosa juzi?

Leo Rakia kabanwa, kasukuma mlango wa choo. Mama mkwe huyo, kachuchumaa, birika la maji mkononi.

Mama mkwe wake, shoga! Rakia akakosa pa kuweka macho.

Bibi akamwambia, "Funga mlango, vumbi linaingia."

Vumbi, jamani.

Kisha katoka, kanawa taratibu kwa sabuni ya Rakia. "Mwambie mumeo atie komeo. Nitakuwa naingia humu kila siku, na nyie hamjui kubisha hodi."