Mama Mkwe Nyuma ya Pikapu

Jumatano, 1973

Kosa lenyewe nimelisoma tena: kubeba abiria mahali pa mizigo, hali kiti kando ya dereva kiko wazi. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo taabu ilipo.

Abiria ni mama mkwe. Nilimtoa Mosocho kumpeleka Nyamira. Polisi, mtu wa mbali, akaniuliza, "Mama mzee anakalia ndizi huko nyuma, na hapa mbele umeketisha kofia?" Nikamweleza kwamba kwetu mtu haketi bega kwa bega na mama wa mkewe. Alicheka, kisha akaandika.

Nikikubali kosa, leseni itakwenda, nami nirudie jembe. Nikikataa, nilete shahidi. Shahidi ni mama mkwe tu.

Jana mke wangu alileta jibu kutoka kwao. "Mama atakuja. Lakini wewe utoke nje akiongea."

Leo nimemwuliza karani wa korti kama mshtakiwa anaweza kutoka kidogo. "Ukitoka, mzee, hiyo ni kesi nyingine."

Basi Ijumaa, kesi ikitajwa, nitasema ni kweli. Heshima itabaki. Pikapu sijui ataendesha nani.