Upe Langoni kwa Odilie

Naranjo, 9 Juni

Komadre Zoraida mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku mlimani. Hujambo? Binti yako na wajukuu hawajambo? Joto la Nicoya bado linakukaanga? Mimi namshukuru Mungu, ni mzima, isipokuwa mguu mmoja ambao sasa nusu ni wangu, nusu ni wa duka la vyuma. Ndiyo, hatimaye nimewekewa goti jipya. Nimengoja zamu mpaka nikasahau nangoja nini, halafu wakaniita ghafla kama kuku anayetakiwa jikoni.

Yorleny, binti wa mazoezi pale kliniki, ananikunja goti huku anacheka. "Doña Odilie, nitukane tu, lakini kunja!" Namtukana, nakunja. Nyumbani nafanya mwenyewe, kitako kwenye kiti cha marehemu mume wangu Eladio, kisigino kinasuguliwa sakafuni mbele na nyuma. Wálter, uliyembeba wewe mwenyewe siku ya ubatizo wake, anapiga simu Jumapili kutoka New Jersey. "Mama, unafanya mazoezi?" Nafanya. "Unakula?" Nakula. Basi, Jumapili imekwisha.

Maumivu nayavumilia. Kinachonichoma ni lango. Mtu wa barua anasimama pale anabisha hodi, "Upe!", nami naanza ile kazi ya kunyanyuka kitini, nikifika mlangoni hakuna mtu. Siku hizi watu wanaita mara moja tu, wana haraka.

Njoo unione. Desemba nataka tufunge tena tamali zetu za mahindi kwenye majani ya migomba, sisi wawili, tumesimama mezani kama kila mwaka. Peke yangu sitaweza, na wala sitaki.

Komadre wako,
Odilie


Nicoya, 2 Julai

Odilie,

Salamu. Natumaini unaendelea vizuri. Sisi huku wazima.

Nilipopata barua yako sikujibu, nilipanda basi. Nilifika kwako Jumamosi mchana, mgongo umekufa ganzi, nikasimama langoni nikaita "Upe!" Dirisha lilikuwa wazi. Harufu ya kahawa ikanifikia puani. Nikaita tena, nikaita mpaka koo likaniuma. Kimya. Mvua ikaanza. Nikaziacha biskuti zangu za mahindi na jibini juu ya ukuta, nikarudi kituoni. Mbwa wa jirani yako na afaidi.

Kama hunitaki, sema. Tumejuana tangu tukichuma kahawa tungali wasichana. Sistahili kuachwa langoni kama mchuuzi.

Mama wa ubatizo wa mwanao,
Zoraida


Naranjo, 8 Julai

Mungu wangu, komadre!

Salamu utazipata mwishoni, leo sina subira. Nilikuitikia! Nilipiga kelele, "Naja, usiondoke!" mpaka kuku wa jirani yangu Flory wakaruka ukuta. Wewe ukaendelea kuita tu. Kile kigari changu cha kutembelea kikanasa kwenye zulia, nikakiacha, nikajivuta ukutani. Nilipofungua mlango niliona mwavuli wako wa buluu unapanda basi. Nikaketi kizingitini nikalia, kisha nikashindwa kunyanyuka, mpaka Flory alipokuja na supu akanikuta chini.

Sasa nikuambie neno, na usinune. Masikio yako. Mwaka jana kwenye simu nilikuambia Wálter ana homa, ukanijibu kwamba vitunguu vya safari hii havina ladha. Nilicheka, lakini moyo ulinisinyaa. Ndiyo maana tukaanza kuandikiana, ingawa hakuna kati yetu aliyelitamka. Nenda ukapimwe, Zoraida. Mimi nimekubali chuma gotini, nawe kubali kitu kidogo sikioni.

Salamu kwa binti yako na watoto. Hawajambo?

Komadre wako anayekupenda,
Odilie


Naranjo, 30 Agosti

Komadre Zoraida,

Hujambo huko? Mimi sijambo. Nimengoja barua yako. Najua nimekuudhi. Ningekuwa na miguu ningekuja kukuomba radhi usoni, nikikuomba kwa sauti kubwa.

Yorleny amenipokonya kigari, sasa natumia fimbo. Kila asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga bati, nakwenda hadi langoni na kurudi. Nikifika nalishika komeo, nasimama kidogo, naangalia barabara. Flory anauliza, "Unamngoja nani, doña?" Namwambia nafanya mazoezi.

Komadre wako,
Odilie


Naranjo, 25 Oktoba

Zoraida,

Salamu. Mimi mzima. Kovu limenyooka kama zipu, ngazi za nyuma nazipanda. Yorleny amenipigia makofi na kuniambia nisirudi tena. Nilitoka pale kliniki nikilia kama niliyefukuzwa. Hakukuwa na mwingine aliyekuwa akinigusa.

Goti limepona, komadre, ila halina pa kwenda.

Biskuti zako hazikuliwa na mbwa. Nilizikuta zimelowa, nikazikausha kwenye tanuri, nikawa nakula moja moja na kahawa mpaka zikaisha.

Mwaka huu sitafunga tamali. Sitakuandikia tena mpaka uniandikie, nisije nikakusumbua.

Odilie


Langoni kwako, 12 Desemba

Komadre Odilie mpenzi,

Hujambo? Mguu haujambo? Nakuandikia kwenye karatasi iliyofunga biskuti, nimeketi kwenye ngazi ya mlango wako, majani ya migomba ya tamali yapo kando yangu. Bora niandike, maana ukinitokea tu nitaanza kulia na sitasema kitu.

Ulipotaja masikio yangu nilinuna kweli. Barua zako nilizisoma zote na kuzificha chini ya godoro. Ile ya mwisho ikanishinda. Nikamwambia binti yangu, "Haya, nipeleke." Wamenitia vidude viwili masikioni. Cha kwanza kusikia kilikuwa feni ya darini. Nilidhani nyumba inaanguka. Kisha nikawasikia wajukuu, nikagundua kumbe wananiita muda wote, na mimi nadhani wamenizoea hawanijali.

Nimeita "Upe!" hapa langoni. Nimesikia kuku wa Flory, nimesikia bomba linadondosha maji jikoni kwako. Wewe sikukusikia. Nikaogopa. Safari hii nilijua kimya ni kimya.

Ndipo Flory akatoa kichwa dirishani: "Doña Odilie? Ameteremka dukani kwa miguu yake, kununua mwavuli mpya, anasema anataka kuzoea safari za mbali. Kaniuliza, eti Nicoya kuna joto kiasi gani?"

Siondoki, komadre. Hata mvua ije. Ukifika usiingie kimyakimya. Simama hapo langoni kwako mwenyewe uite "Upe!"

Nitakuitikia.

Komadre wako,
Zoraida