Taa Nyeupe ya Bafuni

Buzebazeba, 14 Mei 1997

Shemeji Ntahomvukiye,

Natangaza rasmi kwamba bafu letu sasa lina taa. Mke wangu Winfrida alitaka ya njano, eti nyeupe inamzeesha. Nikafunga nyeupe. Siku hiyohiyo mkeo Ella akaniita: "Shemeji, njoo! Mkono wa Niyibizi!"

Kweli, ukutani palikuwa na alama ya maji, kiganja cha mtoto, vidole vitano. Nikafunga ya njano, kikapotea. Ella akalia: "Ziwa lilinichukulia mwana, nawe unanifichia mkono wake?"

Nimerudisha nyeupe. Sasa anakula humohumo bafuni, na anacheka, mara ya kwanza tangu mlipovuka ziwa mkikimbia vita. Kiganja kinakua. Hata mimi hupiga hodi kabla ya kuoga.

Fundi amesema bomba linavuja ndani ya ukuta. Kesho analiziba.

Wako,
Telesphory