Maelezo Kuhusu Maji ya Kijito Nyuma ya Soko la Dagoretti

TAREHE: 19/3/2024, saa 6.20 mchana
JINA LA SHAHIDI: Maurine Were
UMRI: Miaka 34
KAZI: Mpimaji maji, maabara ya kibinafsi, Upper Hill
MAKAZI: Kangemi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimemwomba Konstebo Ndungu niongee nikiwa nimesimama, kwa sababu tangu Jumamosi nikikaa mguu unaanza kucheza wenyewe.

Mnamo tarehe 14/3/2024, Alhamisi, saa mbili na nusu asubuhi, mkubwa wangu Bi. Stacy Nyawira alinituma nikachukue sampuli za maji. Wakaazi wa mtaa mmoja wa Lavington walikuwa wameona samaki wa bwawa lao wakielea wamekufa, na bwawa hilo linajazwa na kijito kinachotoka Dagoretti. Hao ndio waliokuwa wateja wetu.

Nilikifuata kijito kwenda juu. Saa nne kasoro kumi nilifika nyuma ya agroveti ya Bw. Kihara, duka la dawa za mimea na mifugo. Mfanyakazi alikuwa akiosha sakafu ya stoo kwa mpira wa maji, na maji yaliyoingia mtaroni yalikuwa meupe kama maziwa. Harufu ya dawa ya wadudu ilinikaba koo. Nilimuuliza ni nini kimemwagika. Akasema, "Ni mtungi tu ilipasuka jana, madam. Tunasafisha." Mtaro huo unaishia kijitoni. Nilijaza chupa mbili na kupiga picha tatu, ambazo nimempa Konstebo.

Saa nne na robo nilikuwa nimeshuka kama mita mia tatu. Hapo nilimkuta mama mmoja mzee anayelima sukuma wiki na nduma, yaani majimbi, kando ya maji, Bi. Waringa, ambaye sikumjua kabla ya siku hiyo. Ukingo ulikuwa unateleza. Alinishika mkono nikashuka, kisha akanishikia boksi la barafu nikifanya kazi. Maji hapo yalionekana safi. Nilijaza chupa ya tatu, kisha nikatumbukiza mita. Mita hiyo inapima joto, chumvi, hewa na uchachu, basi. Dawa ya wadudu haiioni hata kidogo. Hiyo hutafutwa maabarani. Hilo nalijua kama ninavyojua jina langu.

Akaniuliza, "Hiyo mashine inasema aje? Niko na nduma ya kuosha, ama niwache?"

Nikamjibu, "Iko sawa, shosh. Endelea tu."

Mteja alikuwa amenipigia simu mara nne. Na kwa vile mama alikuwa amenisaidia, nilitaka nami nimpe kitu. Kazini tumefundishwa kujibu "matokeo bado", hata aulizaye akiwa analia. Siku hiyo sikujibu hivyo, na ule mtaro mweupe nilikuwa nimetoka kuuona.

Ijumaa tarehe 15, saa kumi jioni, matokeo yalitoka. Dawa ilikuwa kwenye chupa zote. Bi. Stacy alituma ripoti Lavington, na kabla ya saa kumi na moja watunza bustani wa huko walikuwa wameambiwa wasiguse maji. Nikamuuliza, "Na wale wa huko juu kijitoni?" Akasema, "Ripoti ni ya mteja, Maurine. Watu wa serikali nimewaandikia." Nilikasirika, lakini nilikasirikia moyoni tu. Ningeweza kwenda Dagoretti jioni ile ile. Nilienda nyumbani.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa pale kwa Bi. Waringa. Nduma zilikuwa juu ya gunia, zimeoshwa zikatakata. Binti yake, aitwaye Wangu, aliniambia mamake aliziosha Alhamisi na Ijumaa kutwa, miguu ikiwa ndani ya maji, kisha akaanza kutokwa na mate na jasho, na macho yakawa hayaoni vizuri. Sasa yuko hospitalini, chumba cha wagonjwa mahututi, anapumua kwa mashine na hawezi kuongea. Sikumwambia Wangu lolote. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi hiyo nilimsikia Bw. Kihara akiwaambia watu sokoni, "Huyo mama tulimkataza toka Alhamisi asubuhi. Ni kichwa ngumu tu." Watu wakaitikia kwamba ni kweli, wazee ni wabishi.

Jana Bi. Stacy aliniambia nikija hapa nitaje chupa, saa na namba peke yake. "Vile uliongea na watu si sampuli," alisema. Simlaumu kwa kuogopa, hata mimi kazi hiyo naihitaji. Maneno yale hakuna aliyeyasikia ila mimi na mtu asiyeweza kuongea. Nimezunguka nayo siku tatu kutoka jikoni hadi mlangoni, mpaka dada yangu akaniuliza ninatafuta nini.

Naomba basi iandikwe hivi. Bi. Waringa hakuwa kichwa ngumu. Kama angekuwa amekatazwa, hangeniuliza. Aliuliza kwanza, tena alimuuliza mtu mwenye kitambulisho shingoni. Aliyemwambia aendelee ni mimi.

Hayo ndiyo ninayoyajua, na nimeyasema bila kulazimishwa na mtu.

Sahihi: M. Were

MAANDISHI YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye akakubali ni yake. Nilimfahamisha kwamba aya inayoanza "Naomba basi iandikwe hivi" inaweza kutumiwa dhidi yake, na kwamba angeweza kuiondoa kabla ya kutia sahihi. Aliomba kalamu, akatia sahihi ya pili kando ya aya hiyo.
Konstebo P. Ndungu, saa 7.45 mchana.